Kuwafundisha wauguzi kumpa mtoto oksijeni: mwongozo kwa wakufunzi wa Goma

Katika wodi za watoto hapa Goma kuna maneno ambayo kila muuguzi ameyasikia kutoka kwa mama au bibi wa mtoto: "Wakishamwekea ile mipira ya puani, huyo harudi nyumbani." Tusiwacheke. Wanasema walichokiona. Wameona watoto wakiwekewa oksijeni alfajiri midomo ikiwa imeshageuka buluu, na kufikia saa tatu asubuhi kitanda kiko wazi. Hawakuona kwamba oksijeni hiyo ilitakiwa tangu jana jioni, ila hakuna aliyepima.

Kwa hiyo mafunzo ninayoyaeleza hapa yana shabaha moja: muuguzi apime mapema, aanze mapema, aendelee kupima, na amwondolee mtoto oksijeni kwa kupima. Oksijeni ni dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiandika waziwazi kwenye orodha ya dawa muhimu kuwa tiba ya upungufu wa oksijeni mwilini. Dawa ina kipimo, ina muda, na ina mtu anayesaini kwamba ameitoa. Katika hospitali tano za Papua New Guinea, vipima oksijeni pamoja na mashine za oksijeni, vikiwa mikononi mwa wauguzi waliofundishwa, vilipunguza vifo vya watoto wenye nimonia kwa takriban theluthi moja. Papua New Guinea ni nchi ya milima, barabara mbovu na umeme wa kubahatisha. Nadhani tunaelewana.

Kagua wodi kabla ya kuandika ratiba

Siku mbili tatu kabla ya mafunzo ingia wodini na kalamu, uulize vitu vinavyoshikika. Vipima oksijeni viko vingapi, na vingapi vina betri? Kuna kihisi laini cha kuzungushia mguu wa mtoto mchanga, au kuna kibanio cha kidole cha mtu mzima tu? Mashine za oksijeni zinazowaka ni ngapi, na ipi imegeuzwa meza ya kuwekea termosi? Mirija ya puani ya saizi ya watoto ipo? Na usiku, ufunguo wa kufungulia mtungi anao nani? Swali hili la mwisho usiliruke. Niliwahi kufika mahali ambapo mitungi minne ilikuwa imejaa tele, na ufunguo wa pekee ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekuwa amelala kwake, mtaa wa Katindo.

Kisha chukua mafaili kumi ya watoto waliolazwa kwa nimonia mwezi uliopita. Hesabu ni mangapi yameandikwa kiwango cha oksijeni siku ya kwanza. Usimwonyeshe mtu kidole, iandike tu namba hiyo uitunze. Utairudia hesabu hiyo hiyo baada ya wiki sita.

Kundi lisizidi watu wanane hadi kumi. Wakizidi, nusu yao watatazama migongo ya wenzao. Siku mbili zinatosha kwa kuanzia: asubuhi chumbani, mchana vitandani. Wachanganye wa zamu ya mchana na wa usiku, kwa sababu wa usiku ndio huachwa nje ya kila semina, na usiku ndipo watoto huzidiwa.

Macho kwanza

Anza na mrija wa kunywea soda. Kila mshiriki azibe pua na kupumua kwa mrija huo peke yake kwa dakika moja (mwenye pumu au mjamzito asifanye). Kwenye sekunde ya arobaini mabega yanaanza kupanda, na waliokuwa wakicheka wameacha. Waambie huyo mtoto wa kitanda cha tatu yuko hivyo tangu jana.

Baada ya hapo waende vitandani kuhesabu pumzi. Dakika nzima, saa mkononi, nguo ya mtoto imepandishwa, mtoto ametulia au ananyonya. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili ni uvivu unaotudanganya sana kwa watoto wachanga, maana upumuaji wao hauendi sawasawa. Mipaka waijue kwa kichwa: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka, miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Wauguzi wawili wamhesabu mtoto mmoja bila kuambiana, kisha walinganishe. Wakipishana kwa zaidi ya pumzi tano, warudie.

Dalili nyingine zifundishwe kwa kuonyeshwa, na kama hakuna mtoto wa kuonyesha, kwa video kwenye simu: kifua kubonyea ndani anapovuta hewa, pua kutanuka, kuguna kila anapotoa pumzi, kichwa kutikisika kwa kila pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kulegea na kutoitika. Rangi ya buluu itafutwe kwenye ulimi na ndani ya mdomo. Kwa watoto wetu, kucha na ngozi hazikwambii lolote mpaka hali iwe mbaya mno.

Ila wasitoke hapo wakiamini kwamba macho yanatosha. Wako watoto wenye oksijeni ya chini wanaoonekana wana nafuu, na wengine wanaohema sana kwa sababu ya homa tu.

Kipima oksijeni: mpe nusu siku

Kifaa hiki kidogo hupitisha mwanga mwekundu na mwanga mwingine usioonekana kwa macho kwenye kidole, kisha hulinganisha ni kiasi gani cha kila mwanga kimemezwa na damu inayopiga, na kutoa kiwango cha oksijeni kwa asilimia. Aliyegundua kwamba mapigo ya mshipa yanaweza kutumika hivyo ni mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Napenda kulieleza hili kwa sababu muuguzi akishaelewa kwamba kifaa kinatafuta *mapigo*, anajibu mwenyewe maswali mengi: kwa nini mguu wa baridi hausomi, kwa nini mtoto anayerusha mguu anatoa namba za ajabu, kwa nini mtoto aliye kwenye mshtuko (damu haizunguki vya kutosha mwilini) haonyeshi kitu.

Hatua zenyewe:

1. Pasha mguu au mkono joto kwa kiganja chako. Jioni za Goma zina baridi, na miguu ya watoto wachanga huwa ya kwanza kuisikia.
2. Futa uchafu, rangi ya kucha au hina.
3. Funga kihisi ili taa na jicho lake vitazamane. Kwa mchanga, kwenye unyayo au kiganja. Kwa mkubwa kidogo, kidole gumba cha mguu.
4. Kikinge na jua la dirishani kwa kitambaa.
5. Subiri. Mapigo yakionekana kwa utulivu kwa sekunde 30 ndipo usome.
6. Linganisha mapigo ya kifaa na ya moyo unaousikia kwa stetoskopu. Yakitofautiana sana, namba hiyo si ya kuandika.
7. Andika namba, saa, na kama mtoto alikuwa kwenye oksijeni au la. Kuandika "96" bila kusema kama ni kwa hewa ya kawaida au kwa lita 2 hakumsaidii anayepokea zamu.

Chini ya 90, mtoto anaanzishiwa oksijeni. Mtoto mwenye dalili za hatari kabisa, yaani amepoteza fahamu, anadegedea, yuko kwenye mshtuko, au ana upungufu mkubwa wa damu na anahema kwa shida, aanzishiwe mara moja bila kusubiri namba, na alengwe kufika 94 au zaidi mpaka atulie.

Hapa kila mara mtu huuliza kuhusu mlima. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko mji wa bandari wa Matadi, lakini haijafikia kutubadilishia mpaka: kiwango cha chini cha 87 kinatumika kwa wanaoishi juu ya mita 2,500. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema "sisi ni watu wa milimani, 86 ni kawaida." Si kawaida.

Mkae kwa muda kwenye uongo wa kifaa. Kibanio cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto wa miezi minne husoma vibaya. Tafiti zimeonyesha pia kwamba vifaa hivi vinaweza kusoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo 91 kwa mtoto ambaye kifua kinabonyea isikutulize: mtazame mtoto. Upungufu wa damu wa malaria nao una mtego wake, kwani namba inaweza kuwa 97 huku damu yenyewe ni chache mno kubeba oksijeni ya kutosha.

Na kuna mbabula. Usiku wa baridi familia huingiza jiko hilo la makala (mkaa) ndani na kufunga mlango. Gesi ya monoksidi ya kaboni hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni, na kifaa hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Utaona 99 kwa mtoto ambaye ubongo wake unakosa hewa. Mtoto aliyeletwa amelegea au anatapika, pengine pamoja na ndugu zake, kutoka chumba kilicholala na makala, apewe oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko wa akiba na daktari aitwe, namba iseme itakavyo. Mazuku ni jambo tofauti. Hiyo ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni, hasa magharibi mwa mji karibu na ziwa. Mtoto aliyepatwa na mazuku huletwa kwa sababu alikosa hewa safi, na kazi ni kumtoa, kumsaidia kupumua na kumpa oksijeni. Wauguzi wetu huchanganya haya mawili kwa sababu yote huitwa "moshi mbaya" na aliyemleta mtoto.

Kuwasha: njia gani, lita ngapi

Njia ya kwanza ni mirija miwili mifupi ya puani, ile ambayo Kifaransa cha wodini huiita miwani ya pua. Hainyang'anyi mtoto mdomo, anaweza kunyonya nayo, na haipotezi oksijeni. Safisha pua kwanza kwa matone ya maji ya chumvi, maana mrija ulioingizwa kwenye makamasi ni pambo. Ikiwa iliyopo ni ya watu wazima na haiingii, kata vile vincha viwili na uelekeze matundu sawasawa kwenye pua. Ibandike mashavuni, karibu na pua.

Kiasi cha kuanzia: mtoto mchanga lita 0.5 hadi 1 kwa dakika, mwenye umri wa chini ya mwaka lita 1 hadi 2, mkubwa zaidi lita 1 hadi 4. Kwenye kipima mtiririko soma katikati ya kigololi, macho yakiwa usawa wake. Kabla ya kumwekea mtoto, tumbukiza ncha kwenye kikombe cha maji safi: viputo vikitoka, oksijeni inafika, halafu zikaushe. Jaribio hili la sekunde kumi ndilo wanalolisahau kuliko yote, na mara nyingi mpira umechomoka nyuma ya mashine na hakuna aliyejua.

Kwa mtiririko huu mdogo wa puani chupa ya kulowesha hewa haihitajiki. Ikiwepo na maji yake hayabadilishwi kila siku, inafuga vijidudu. Mimi huwaambia waiondoe, na kila mara napata mzozo na mzee fulani wa wodi.

Mpime tena baada ya dakika 15 hadi 30. Asipofika 90, usikimbilie kuongeza tu. Angalia kwa mpangilio: mashine inatoa? mpira umekunjwa? pua imeziba? kichwa kimekaa vizuri, kimeinuliwa kidogo na shingo haijakunjwa? Ndipo uongeze mpaka kikomo cha umri wake. Ikishindikana, barakoa yenye mfuko wa akiba kwa lita 10 hadi 15, mfuko ukibaki umejaa, na daktari aje atafute sababu: maji au hewa kwenye kifua, moyo, pumu. Vifaa vya kusukuma hewa kwa viputo viachieni mafunzo mengine, mahali ambapo daktari yupo saa zote.

Kwa njiti waliozaliwa kabla ya wiki 32 za ujauzito, lengo ni kati ya 88 na 95. Oksijeni ikizidi huharibu macho yao, na upofu huo hauonekani wodini. Unaonekana miezi baadaye nyumbani.

Mashine, mtungi na giza

Mashine ya oksijeni haina oksijeni ndani. Inavuta hewa ya chumba, yenye oksijeni asilimia 21, inanasa naitrojeni na kutoa hewa ambayo, mashine ikiwa nzima, ina oksijeni asilimia 90 na zaidi. Ikishuka chini ya 82 haifai. Kwa hiyo inataka hewa safi: isimame sentimita 30 kutoka ukutani, isifunikwe na kanga, na sponji yake ioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Vitabu husema mara moja kwa wiki. Kwa vumbi jeusi la makoro (mawe ya volkano) linaloingia kila dirisha la mji huu, kiangazi fanyeni mara mbili. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja mwenye jina, siku yenye jina.

Mashine moja ya lita 5 kwa dakika inaweza kuhudumia watoto kadhaa, mradi kila mtoto awe na kipima mtiririko chake. Kugawa mpira kwa kiungo cha njia mbili bila vipimo ni kamari. Oksijeni hufuata njia nyepesi, na mtoto mwenye pua safi huchukua sehemu ya mwenzake.

Kwa mtungi, wafundishe hesabu, na kila mmoja aifanye ubaoni. Ujazo wa mtungi zidisha kwa bari (kipimo cha mgandamizo) zilizobaki, upate lita za oksijeni. Mtungi wa lita 40 ukisoma bari 60 una lita 2,400. Ondoa bari 10 za akiba, yaani lita 400, zinabaki 2,000. Mtoto mmoja kwa lita 2 kwa dakika: dakika 1,000, saa 16 na dakika 40. Usiku umepita. Watoto wawili kwa lita 2 kila mmoja: dakika 500, saa 8 na dakika 20. Ukianza saa kumi na mbili jioni, unaishiwa saa nane na dakika ishirini usiku. Nimeona nyuso zikibadilika hapa kuliko kwenye somo lolote, kwa sababu kila mtu anaukumbuka usiku wake.

Mtungi ufungwe mnyororo wima, ufunguliwe polepole, na mikono iwe haina mafuta: mawese au vazelini kwenye vali ya oksijeni vinaweza kuwaka. Mbabula za akina mama wanaopika zikae mbali na madirisha ya wodi.

Halafu, bila kumwambia mtu, zima swichi kuu ya chumba cha mafunzo huku mwanasesere akiwa kitandani kwenye mashine. Anza kuhesabu mpaka awe kwenye mtungi na viputo vinatoka. Kundi la kwanza hutafuta tochi dakika nne. Rudieni mpaka ifike chini ya moja.

Kumtazama na kumwachisha

Kila baada ya saa tatu: mirija iko mahali pake, haijaziba, viungo vimekaza. Mara mbili kwa siku itolewe na kusafishwa. Aliyezidiwa apimwe mara kwa mara mpaka atulie, baadaye angalau kila saa sita. Chati ikae kitandani, si kwenye droo ya muuguzi mkuu.

Kumwachisha ni kwa kipimo pia. Mtoto aliyetulia, jaribu mara moja kila siku: toa oksijeni, mtazame dakika 10 hadi 15. Akishuka chini ya 90, mrudishie bila kuona aibu. Akibaki juu, mpime tena baada ya nusu saa, kisha kila saa tatu siku hiyo. Asiruhusiwe nyumbani kabla ya kukaa walau saa 24 bila oksijeni akiwa 90 au zaidi. Usifanye jaribio hili jioni wakati zamu zinabadilishana.

Maneno ya kumwambia mama

Hili liigizwe, mmoja akiwa mama, mwingine muganga (kwetu jina hilo ni la daktari na muuguzi pia).

"Muganga, si ndiyo ile ya kufia?"

"Hapana, Mama Neema. Ni dawa, inapitia puani. Angalia hapa: sasa inasoma 84. Tunataka ivuke 90. Nitarudi kabla hujamaliza kumnyonyesha tuitazame pamoja."

Halafu arudi kweli. Mama akishaona namba ikipanda kwa macho yake, yeye ndiye atakayemweleza mama wa kitanda cha pili. Mwambie pia asitoe mirija mtoto akilia, amwite muuguzi. Na muulizeni kuhusu bili mapema. Wako wanaoizima mashine usiku kimyakimya kwa kuogopa deni, na hilo halimalizwi kwa kumkaripia mzazi. Ni kazi ya utawala na wahudumu wa jamii, nao mkufunzi awaalike wakae chumbani saa hiyo.

Kurudi

Mafunzo ya siku mbili hufifia baada ya mwezi. Rudi kila wiki kwa wiki sita, nusu saa tu, ukae kitandani pamoja na muuguzi mmoja. Kwenye wiki ya sita rudia ile hesabu ya mafaili kumi na uwaonyeshe namba zote mbili. Na ukikuta chati imeandikwa 98, 98, 98 kwa siku tatu kwa wino mmoja, usigombe. Ujue imejazwa asubuhi. Chukua koti, njoo saa tisa usiku, ukapime naye.